Hatari ya Siku za Kawaida

Ukipanga bei za Soko la Hisa la Nairobi za mwaka 2020 kwenye mstari mmoja, kuna siku inayokukodolea macho. Ni Ijumaa, Machi 13. Waziri wa Afya alikuwa ametoka kutangaza kwamba Kenya imepata mgonjwa wake wa kwanza wa Covid-19, na siku hiyo hiyo kipimo cha NSE 20 kikashuka kwa zaidi ya asilimia 5. Biashara ikasimamishwa kabla ya saa yake. Waliokuwa wanataka kuuza wakabaki na hisa zao mkononi wikendi nzima.

Sasa, mtu anayepima hatari ya soko lazima aamue afanye nini na siku kama hiyo. Akiiacha ndani ya hesabu, inavuta kila kitu. Siku chache za Machi zinaweza kufanya mwaka mzima uonekane wa kichaa. Akiitoa, mwaka unatulia na hesabu inapendeza, lakini amefuta siku ile ile ambayo watu wanaiogopa. Kuna tawi zima la takwimu linalohusu uamuzi huu. Mwaka huu nililazimika kuliangalia kwa karibu, kwa sababu wanawake kumi na wanne wa Malaba walitaka kuweka shilingi 180,000 za chama kwenye hisa, na wakaniuliza mimi wanaweza kupoteza kiasi gani.

Waliniuliza kwa sababu mama ni mmoja wao, na kwa sababu huku Kocholia bado najulikana kama yule aliyeenda kusomea hesabu. Kwamba niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokatika, wanajua, ila hawaoni inahusu nini. Kwao mtu akishakula miaka miwili ya hesabu, hesabu imekaa tumboni. Mimi siku hizi naishi kwa kuandika: makala za wateja wa ng'ambo, maelezo ya bidhaa, chochote kinacholipa. Mmoja wa wateja hao aliwahi kuniagiza makala kuhusu namna ya kupima hatari bila kudanganywa na namba chache zilizojitenga. Alinilipa vizuri, nikasoma sana, nikaandika. Baadaye chama kikaja, na ile kazi ikaacha kuwa ya mteja.

Wacha nianze na wale wa kubadilisha pesa, kwa sababu ukitembea Malaba, ama Busia, utawakuta kabla hujakuta benki. Wamekaa na mabunda yao, za Kenya mkono mmoja, za Uganda mkono mwingine. Tuseme umewauliza watu saba shilingi moja ya Kenya inakupa ngapi za Uganda, ukaandika kwenye simu: 27.6, 27.7, 27.7, 27.8, 27.8, 27.9. Ya saba ulikuwa unakwepa bodaboda, ukasahau nukta, ukaandika 278. Ukitafuta wastani wa hizo saba unapata 63.5. Hakuna mtu Malaba nzima aliyekutajia bei hiyo. Hakuna hata mmoja aliyeikaribia. Ila ukizipanga kuanzia ndogo hadi kubwa na kuchukua ile iliyo katikati, ambayo wanatakwimu wanaiita mediani, unapata 27.8, na maisha yanaendelea. Ungekuwa umeandika 2,780 badala ya 278, mediani isingesonga hata chembe.

Ni vivyo hivyo kwa kupima jinsi bei zinavyotawanyika, na hapo ndipo hatari ya hisa inapopimwa. Kipimo tunachofundishwa ni mchepuko sanifu: unaangalia kila namba iko mbali kiasi gani na wastani, unapiga kipeo cha pili, unatafuta wastani wa hizo, kisha unarudi kwa kipeuo. Kwa zile bei saba, mchepuko sanifu ni karibu 88. Yaani unaambiwa bei ya pesa mpakani inarukaruka kwa 88, wakati hao watu wanatofautiana kwa senti. Kosa liko kwenye kile kipeo cha pili: namba iliyo mbali mara kumi haipewi uzito mara kumi, inapewa mara mia. Njia nyingine ni kuangalia kila namba iko mbali kiasi gani na mediani, halafu uchukue mediani ya hizo tofauti. Hapa unapata 0.1. Wataalamu huzidisha kwa 1.4826 ili iweze kulinganishwa na mchepuko sanifu, na jibu linakuwa kama 0.15. Hilo ni jibu ambalo mbadilishaji pesa angelitambua.

George Box ndiye aliyeleta jina la mbinu hizi kwenye takwimu, mwaka 1953. Mwaka 1960 John Tukey, Mmarekani, akaonyesha jambo lililowashtua wenzake: namba mbili tu zilizoharibika katika kila elfu moja zinatosha kuufanya mchepuko sanifu ushindwe na kipimo kilichokuwa kimedharauliwa miaka mingi. Mbili kwa elfu! Daftari lolote la biashara lina uchafu kuliko huo. Mwaka 1964 Mswisi Peter Huber akaijengea nadharia, na miaka minne baadaye Frank Hampel akaandika tasnifu yake akiuliza swali zuri sana: ni sehemu gani ya namba zako inaweza kuharibika kabisa kabla jibu lako halijawa upuzi? Kwa wastani, namba moja inatosha. Kwa mediani, lazima uharibu nusu.

Ukitaka kuielewa njia ya Huber, fikiria mkutano wa chama. Wastani ni mkutano ambapo anayepiga kelele zaidi anapewa kura kulingana na kelele zake. Mediani ni mkutano ambapo kila mtu ana kura moja tu, hata awe na sauti ya tarumbeta. Huber yuko katikati: anakusikiliza kadiri unavyoongea, mpaka kiwango fulani, na ukipita hapo, kelele za ziada hazikuongezei kitu. Mwenyekiti wa chama cha mama anaendesha mikutano hivyo hivyo bila kumsoma Huber.

Kwa Kiswahili nimekuwa nikiziita mbinu sugu. Neno lenyewe nimelipenda kwa sababu ya viganja. Mkono uliolima miaka mingi unaota sugu, na mwiba mdogo hauusumbui. Kitu kingine kuhusu sugu ni kwamba mkono huo pia hausikii makaa mapema. Tutafika hapo.

Kwa nini soko la hisa linahitaji sugu? Sababu ya kwanza ni uchafu wa kawaida wa takwimu. Mwaka 2009 benki ya Equity iligawa kila hisa yake kuwa kumi. Aliyekuwa na hisa 100 akalala, akaamka ana 1,000, kila moja ikiwa na thamani ya moja ya kumi ya ile ya zamani. Hakupoteza kitu. Lakini ukipakua bei za zamani zisizorekebishwa, kompyuta inaona hisa iliyoanguka kwa asilimia 90 kwa siku moja. Fanya hesabu: tuseme hisa kwa kawaida inacheza kwa asilimia 1.5 kwa siku. Ukiweka hiyo siku moja ya uongo kati ya siku 250 za biashara, mchepuko sanifu unapanda hadi karibu asilimia 6. Sasa tumia kile kipimo ambacho JPMorgan ilikieneza miaka ya 1990, kinachosema katika siku 100, siku 99 hutapoteza zaidi ya kiasi fulani. Badala ya asilimia 3.5, unaambiwa karibu 14. Kichekesho ni kwamba pale Nairobi, kwa kawaida, bei ya hisa moja hairuhusiwi kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Kipimo kinakutisha na kitu ambacho sheria za soko haziruhusu. Mbinu sugu, kwa mfano huu, inaipuuza siku hiyo bila wewe kujua kwamba ilikuwepo, na inakupa asilimia 1.5 yako.

Sababu ya pili ni kwamba hata bila uchafu, bei za hisa hazifuati ule mchoro wa kengele tuliochorewa ubaoni. Oktoba 19, 1987, kipimo cha Dow Jones cha New York kilishuka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja. Kwa mchoro wa kengele, siku kama hiyo haikupaswa kutokea hata mara moja tangu dunia iumbwe. Ilitokea Jumatatu tu, watu wakiwa kazini.

Hadi hapo nilikuwa upande wa sugu kabisa. Nilichukua bei za kampuni kadhaa ambazo chama kilikuwa kimezitaja, nikazipitisha, nikatengeneza jedwali. Na ile kampuni iliyotoka juu kwa usalama ilikuwa na hatari ya sifuri. Sifuri kamili, si sifuri nukta kitu.

Nilicheka kwanza. Halafu nikafungua bei zenyewe. Ni kampuni ndogo, sitaitaja jina, na hisa yake huuzwa mara chache sana. Siku nyingi hakuna anayenunua, hakuna anayeuza, bei ya jana inabaki kuwa ya leo. Zaidi ya nusu ya siku za mwaka badiliko lake ni sifuri. Kwa hivyo mediani ni sifuri, na tofauti nyingi na hiyo mediani pia ni sifuri, na kipimo changu sugu, kinachosikiliza nusu ya wanachama walio katikati, kikasikia kimya na kutangaza amani. Nadharia inalijua hili. Hampel aliuliza kuhusu namba zinazolipuka kwenda juu, lakini kipimo kinaweza pia kuporomokea ndani. Vitabu vingi vinaandikiwa masoko ambapo hisa zinauzwa kila sekunde, kwa hivyo hilo linatajwa kwa haraka. Hapa kwetu ndilo jambo la kwanza la kuangalia. Hisa isiyosonga inaweza kuwa ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu siku unayotaka kutoka, mlango hauna mtu.

Nilipomweleza mama, hakuona ajabu yoyote. Alisema, "Ni kama plot kule ndani. Bei yake haishuki kwa sababu hakuna mtu anauliza."

Halafu kuna Mumias. Huwezi kuongea hisa na wanawake wa Magharibi bila mtu kuitaja, na ilitajwa mkutano wa kwanza, na mwanachama mmoja ambaye baba yake alikuwa na miwa na pia hisa. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliingia sokoni mwaka 2001, na ilikuwa fahari ya watu wa huku. Uliwauzia miwa na ukamiliki kipande cha kiwanda kwa wakati mmoja. Septemba 2019 ikawekwa chini ya mrasimu na hisa zake zikasimamishwa, bei ikiwa chini ya shilingi moja. Ila ukitafuta siku moja ambayo Mumias ilikufa, huipati. Haina Machi 13 yake. Ilishuka kidogo leo, ikakaa, ikashuka kidogo mwezi ujao, miaka na miaka. Kila siku ilikuwa ya kawaida. Kipimo chochote cha siku moja, kiwe sugu au laini, kinaipitia Mumias kikisema hali si mbaya. Yule mwanachama alilisema kwa njia yake: "Baba hakuwahi kupata habari mbaya. Alikuwa tu anapata habari."

Safaricom nayo, ambayo ndiyo walikuwa wanaitaka zaidi, ina historia ya kuchanganya. Mwaka 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, Wakenya wakapanga foleni, na biashara ikaanza Juni 9. Kufikia mwaka uliofuata bei ilikuwa imeenda chini ya shilingi 3. Walioogopa wakauza. Mwaka 2021 ikapita shilingi 40. Mwaka 2023 ikarudi chini ya 15. Ni hisa hiyo hiyo. Na ni kubwa kiasi kwamba kuna wakati ilibeba zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote, ndiyo maana ukisikia redio ikisema soko la Nairobi limepanda au limeshuka, mara nyingi umeambiwa habari za kampuni moja. Kile kipimo cha NASI kinachojumlisha kampuni zote ni wastani wenye mzito mmoja ndani yake. Manze, tumerudi kwa mtu wa saba na nukta yake, tofauti ni kwamba huyu si kosa. Huyu yupo kweli.

Hapo ndipo nilianza kuona tatizo langu halikuwa la kuchagua kipimo. Lilikuwa hili: kipimo sugu kimejengwa kujibu swali la "kwa kawaida inakuwaje", na chama hakikuwa kimeniuliza inakuwaje kwa kawaida. Watu wanaotafiti fedha wanalijua hili. Wengi hutumia mbinu sugu kupima siku za kawaida, au kupima jinsi hisa mbalimbali zinavyosonga pamoja bila kupotoshwa na siku mbili tatu, halafu wanazichukua zile siku mbaya na kuzisoma peke yake, kwa hesabu yake. Sugu ikifanya kazi vizuri inakuonyesha ni siku zipi zimejitenga. Wastani hauwezi, kwa sababu siku mbaya inaupanua mchepuko hadi yenyewe inaonekana ya kawaida. Hiyo kwangu ndiyo faida yake kubwa: inakunyooshea kidole. Ukishaonyeshwa, ni juu yako kuuliza siku hiyo ni nukta iliyosahaulika, au ni hisa iliyogawanywa, au ni moto.

Kwa hivyo nikamwomba mama daftari lake.

Mama ana hoteli ndogo karibu na barabara ya malori. Ugali, samaki, maharagwe, chapati asubuhi. Wateja wake ni madereva na matanboi, na anaandika mauzo ya kila siku tangu miaka mingi, kwa kalamu, bila kuruka hata Krismasi. Nilichukua mwaka 2019 na 2020, nikaweka mauzo yake upande mmoja na mabadiliko ya soko la Nairobi upande mwingine. Nikapima kama vinasonga pamoja. Kwa mbinu sugu jibu lilikuwa hapana, havijuani. Na ni kweli, Jumanne ya kawaida mtu wa Nairobi akiuza hisa za benki, dereva wa Malaba hali samaki kidogo kwa sababu hiyo.

Jibu hilo ni zuri sana kwa mwekezaji. Ukiwa na biashara ambayo haihusiani na soko, soko linakuwa mahali pazuri pa kuweka akiba: moja ikilala, nyingine inasimama. Ushauri wa kitabuni ungekuwa, wekeni hata zaidi.

Lakini fungua kurasa za Machi na Aprili 2020. Wiki hizo hizo ambazo soko lilikuwa linaporomoka, hoteli ziliamriwa zisikalishe wateja. Uganda ikafunga mipaka kwa wasafiri, ikaruhusu malori ya mizigo tu. Halafu madereva wakaanza kupimwa Covid mpakani, na foleni ya malori Malaba ikarudi nyuma kilomita baada ya kilomita. Nakumbuka nikiiangalia kutoka barabarani: sijawahi kuona wateja wengi hivyo wa mama, wamejipanga hivyo, na hakuna aliyeweza kuingia kula. Watu waliwaogopa madereva kama wao ndio ugonjwa. Wengine walipika chini ya trela zao. Kwenye daftari kuna siku ambazo mama aliandika tarehe na mstari mtupu mbele yake.

Hizo siku ndizo kipimo sugu kilizitupa. Zilikuwa chache, zilikuwa mbali na katikati, zilikuwa na kelele. Kwa takwimu, zilistahili kutupwa. Na kati ya siku zote za miaka miwili, ndizo siku pekee ambazo mama angehitaji pesa ya chama, yeye na wengine kumi na watatu, wote pamoja: wa mahindi ya Uganda, wa mitumba, wa omena, na yule mmoja anayebadilisha pesa, ambaye bila watu wanaovuka hana kazi. Wangeenda kuuza hisa wiki ile ile kila mtu Kenya anauza. Na ukiuza hisa Nairobi, malipo huja siku ya tatu ya kazi baada ya mauzo, kama umepata wa kununua.

Naijua hoja ya upande wa pili, na mteja wangu wa ng'ambo angeniambia: huwezi kupanga maisha kwa kuangalia janga linalokuja mara moja kwa miaka mia. Sawa. Ila mpaka huu haungoji miaka mia. Mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi, reli na barabara ya kutoka Mombasa zilikatika na Uganda ikakosa mafuta. Kila uchaguzi mkuu watu wa huku hupunguza bidhaa kwenye maduka wiki kadhaa kabla. Ukiishi Nairobi unaweza kuziita hizo siku zilizojitenga. Ukiishi Malaba, uchumi wako wote uko kwenye mlango mmoja, na huo mlango hufungwa.

Nilienda kwenye mkutano na karatasi moja. Mkutano ulikuwa Jumapili baada ya kanisa, nyuma ya hoteli, na kulikuwa na chai. Baada ya maamkizi, yoga huku na yoga kule, mwenyekiti akanipa nafasi. Sikutaja Huber. Niliwapa vitu vitatu. Kwanza, siku ya kawaida: kwenye kila elfu kumi mtakayoweka, siku nyingi mtaona inapanda au kushuka kwa mia moja hivi, mia na hamsini, msihangaike nayo, na msiangalie kila siku. Hapo nilitumia sugu, na nilikuwa na uhakika nayo. Pili, kipindi kibaya, bila hesabu yoyote, historia tu: aliyenunua Safaricom ikiwa 40 mwaka 2021, mwaka 2023 kila elfu kumi yake ilikuwa imebaki chini ya elfu nne. Tatu, kutoka: kampuni gani unaweza kuuza wiki hiyo hiyo, na gani utangoja.

Mwekahazina, ambaye hapendi maneno mengi, akauliza kwa nini hizo namba tatu haziwezi kuwa moja. Nikamwambia zinaweza, na benki hufanya hivyo, lakini ukizichanganya, hutajua umeogopeshwa na nini.

Yule wa Mumias akasema tuachane na mambo ya hisa kabisa, tununue mahindi wakati wa mavuno tuyaweke. Mwingine akamkumbusha mahindi ya msimu fulani yalivyooza. Wakabishana kwa muda. Anayebadilisha pesa akanyamaza karibu saa nzima, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimeliandika kwenye karatasi.

"Siku mpaka ukifungwa," alisema, "hiyo hisa nitamuuzia nani, na kwa bei ya nani?"

"Utamuuzia mtu wa Nairobi," nikamwambia. "Kwa bei yake."

"Basi tuhesabu kwanza ya siku hiyo," akasema mwenyekiti. "Halafu ndiyo tutajua ya hisa."

Wakahesabu. Kila mmoja alitaja anatumia kiasi gani kwa mwezi nyumbani kama hakuna biashara kabisa: unga, mafuta, dawa, karo isiyongoja. Ilichukua muda kwa sababu wengine waliona aibu kutaja, na wengine walitaja ya uongo, wakacheka, wakarekebisha. Mwekahazina alijumlisha kwenye simu. Ilitoka kwamba shilingi 120,000 ingewafikisha mbali kiasi walichokubaliana, na hiyo ikabaki kwenye Sacco, mahali wanapoweza kuitoa. Zikabaki 60,000.

Walipiga kura kwa mikono. Wanane walitaka 60,000 iingie sokoni, kwenye kampuni tatu zinazouzwa kila siku, kwa awamu, si kwa mkupuo. Watano walikataa, na yule wa Mumias alikataa kwa mikono miwili, mwenyekiti akahesabu mmoja tu. Mama hakupiga kura. Lori tatu zilikuwa zimeegesha, na alikuwa ameshaingia jikoni.